Kuirudisha kahawa ya barazani: kukaanga, kupika na kuchanganya viungo ukiwa nyumbani Mtwara

Kwa miaka kama saba nilikunywa kahawa ya kopo, ile inayoyeyuka kwenye maji moto, nikiamini kwamba kahawa niliyoikumbuka ya Mikindani ilikuwa nzuri kwa sababu tu nilikuwa mtoto. Jioni moja mwaka jana nikapita barazani kwa mzee anayeuza kahawa kwa mdila, lile birika la kahawa, karibu na bahari. Wazee walikuwa kwenye bao. Nikakaa pembeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kunywa kwanza."

Finjani ya kwanza ilinirudisha pale pale. Uchungu mzito unaotua ulimini, halafu harufu kama ya karanga zilizokaangwa, na nyuma kabisa joto la tangawizi likipanda kooni. Ya pili ilipofika nikamuuliza anainunua wapi.

"Kahawa hivi ilivyo siinunui. Nanunua buni, mbegu mbichi. Ya Mbinga na ya Bukoba. Nakaanga mwenyewe, natwanga siku ile ile ya kupika."

"Na tangawizi, babu?"

"Inatangulia majini kabla ya kahawa. Ukiitia mwisho inakaa juu juu."

Maneno hayo machache ndiyo mwongozo wote huu. Ladha uliyoipenda inategemea mambo matatu: mbegu gani, imekaangwa lini, na imesagwa lini. Viungo vinakuja baadaye, kwenye kahawa ambayo tayari inanyweka peke yake. Wengi wetu tunaanzia kwenye viungo, tunamwaga iliki na mdalasini juu ya unga uliolala dukani miezi sita, kisha tunashangaa kwa nini tunakunywa kitu chenye ladha ya pilau.

Kwanza, ikumbuke kwa kalamu

Chukua karatasi uandike ulichokuwa unakunywa, ulikuwa wapi na ulikuwa unatafuna nini. Swali la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mimi nilikuwa nakumbuka kahawa yenye utamu kwa mbali, na nilipoandika ndipo nilipotambua kwamba kila mara nilikuwa na kashata ya ufuta mkononi. Utamu ule ulikuwa wa kashata. Kama ningeutafuta ndani ya buni ningetafuta mpaka kesho.

Andika pia kama ilikuwa chungu au chachu. Kahawa ya arabika, hasa ikikaangwa kidogo, ina uchachu mwepesi kama wa tunda na harufu nyingi. Robusta ni nzito kinywani, chungu zaidi, na inatoa povu zuri. Kafeini yake pia ni nyingi: takriban asilimia 2.2 ya uzito wa mbegu, wakati arabika ina takriban 1.2. Hapa kwetu Tanzania, arabika inatoka Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na kwa ndugu zetu wa Ruvuma kule Mbinga. Robusta ni ya Kagera, ambako Wahaya walikuwa wanaichemsha na kuitafuna muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuitia kwenye finjani. Kama unachokumbuka ni kahawa ya barazani, nzito, inayokushika, basi kuna uwezekano mkubwa palikuwa na robusta ndani yake.

Kuitafuta buni

Pwani yetu iko chini mno na ina joto mno kwa arabika, kwa hiyo buni lazima isafiri. Bahati yetu ni kwamba Mbinga iko kwenye barabara yetu wenyewe. Lami sasa inatoka Mtwara, inapita Masasi, Tunduru na Songea hadi huko, na wafanyabiashara wanaokwenda na kurudi ni wengi. Mimi humwagiza mtu anayesafiri kwenda Songea aniletee kilo 2. Ya Bukoba hupitia Dar es Salaam, na wauza viungo wa sokoni wanaweza kukuagizia ukiwapa wiki mbili tatu.

Ukiagiza, sema wazi kwamba unataka iliyokobolewa, yaani kahawa safi. Usiposema unaweza kuletewa kahawa ya maganda, na kuikoboa kwa kinu ni kazi ya kutwa nzima. Ikifika, mimina kiganjani. Buni nzuri ina rangi ya kijani iliyopauka, wakati mwingine yenye ubuluu kwa mbali, na inanukia kama majani makavu au ganda bichi la kunde. Ikinuka uvundo wa gunia lililolowa, irudishe. Ing'ate mbegu moja: iwe ngumu, isikubali jino. Ikibonyea ina unyevu, na kwenye hewa yetu ya bahari itaota ukungu kabla hujamaliza mfuko. Angalia vitundu vidogo vya wadudu. Viwili vitatu katika konzi moja si neno, lakini vikiwa ishirini umeuziwa masalia.

Anza na robo kilo ya kila aina. Usinunue kilo 5 kwa sababu ya bei.

Kuonja kwa kulinganisha

Hapa ndipo utakapoikuta kahawa yako. Kaanga kidogo kila aina (namna ya kukaanga inafuata hapa chini), kisha panga vikombe vinavyofanana, kimoja kwa kila kahawa. Weka gramu 8 za kahawa iliyosagwa kwa unene wa chumvi ya mawe iliyopondwa, mimina mililita 150 za maji yaliyochemka kisha yakatulia nusu dakika, na uache dakika 4. Utaona tabaka la unga limeganda juu. Lipasue kwa mgongo wa kijiko huku pua yako ikiwa karibu kabisa. Harufu inayotoka sekunde ile ndiyo harufu halisi ya kahawa hiyo, na hutaipata tena. Ondoa povu, subiri ipoe kidogo, halafu chota kwa kijiko na uifyonze kwa sauti ili isambae mdomo mzima.

Mwombe mtu wa nyumbani apange vikombe bila kukwambia kipi ni kipi. Mimi nilikuwa na hakika kwamba yangu ni ya Mbinga peke yake. Mke wangu akapanga vikombe vitatu, na nilichokichagua kilikuwa cha mchanganyiko, vibaba vitatu vya Mbinga kwa kimoja cha Bukoba. Nikarudia kesho yake nikachagua kile kile. Wiki iliyofuata nilipomweleza babu wa Mikindani, alitikisa kichwa tu, akaniambia hata baba yake alikuwa anachanganya.

Kukaanga

Hatua hii nitakaa nayo, kwa sababu asilimia kubwa ya ladha inazaliwa hapa.

Unahitaji kikaango kizito cha chuma au chungu kipana, mwiko wa mti, ungo, na nafasi ya nje. Moshi ni mwingi na kapi, yale maganda membamba ya mbegu, zinaruka, usifanyie jikoni ndani. Chagua kwanza mawe, mbegu nyeusi na zilizovunjika. Usikaange zaidi ya gramu 250 kwa mkupuo, maana zikirundikana za chini zinaungua na za juu zinabaki mbichi. Tena kaanga kila aina peke yake: robusta na arabika haziivi kwa mwendo mmoja, changanya baada ya kukaanga.

Moto uwe wa wastani na usioyumba. Jiko la mkaa linafaa sana mradi mkaa uwe umeshika wote na umeacha kutoa moshi wake. Mimina buni kwenye kikaango kilichopata moto na uanze kukoroga, usiache hata kidogo. Dakika 4 au 5 za mwanzo utaona kama hakuna kinachotokea. Mbegu inakauka, kijani kinakwenda njano, na harufu inafanana na ya nyasi kavu, kisha ya mkate. Baadaye inakuwa kahawia hafifu na kapi nyembamba zinaanza kubanduka.

Kati ya dakika ya 9 na ya 13 hivi, tega sikio. Utasikia mlio: ta, ta, kisha mfululizo kama bisi. Maji yaliyobaki ndani ya mbegu yamegeuka mvuke, yamezidi nguvu na kuipasua. Mbegu inavimba na mstari wa katikati unafunguka. Toka hapo kahawa inanyweka. Ukiepua mlio unapoisha unapata kahawa ya rangi ya mdalasini, yenye uchachu na harufu ya matunda. Ukiendelea dakika 2 au 3 unafika kwenye kahawia ya mbao ya mninga, uchachu umepungua, utamu umeongezeka. Hapo ndipo ninapoepua arabika ya Mbinga.

Kisha linakuja kundi la pili la milio, laini zaidi, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa, na mafuta yanaanza kung'aa juu ya mbegu. Kahawa chungu nyingi za mitaani hukaangwa mpaka hapa. Robusta naifikisha mwanzo wa mlio huu wa pili naepua mara moja. Nusu dakika ya ziada na unakunywa mkaa.

Kuepua ni kumwaga kwenye ungo papo hapo na kupepeta kwa nguvu. Kapi zinapeperuka, mbegu zinapoa. Ukiziacha kwenye kikaango, hata jiko ukiwa umelizima, zinaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Lenga zipoe ndani ya dakika 4. Ukizipima utakuta gramu 250 zimekuwa kama 210, sehemu kubwa ya kilichopotea ni maji.

Halafu kuwa na subira. Kahawa iliyotoka motoni inatoa hewa ya kaboni kwa wingi, na ukiipika saa ile ile inatoka na ukali unaokwaruza. Iache angalau saa 12, ikiwezekana siku moja nzima, kwenye kopo ambalo kifuniko hakijakazwa sana.

Kuhifadhi na kusaga

Kahawa ina maadui wanne: hewa, mwanga, joto na unyevu. Huku kwetu unyevu ndio mkubwa, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zinaponyesha. Tumia kopo la bati lenye mfuniko wa kubana au chupa ya kioo iliyowekwa kabatini. Iliyokaangwa ni nzuri kwa wiki 2 hadi 3. Iliyosagwa inaanza kuzeeka siku ile ile.

Kahawa pia inanyonya harufu za jirani zake. Niliwahi kuweka kopo lisilofunga vizuri kwenye rafu moja na dagaa, na siku ya tatu kahawa yote ikawa ni ya kumwaga. Kwa sababu hiyo hiyo usiipeleke kwenye mashine inayosaga pilipili au binzari. Kinu cha nyumbani kinatosha, mradi kisiwe kile cha kitunguu saumu. Twanga kidogo kidogo, chekecha, rudisha chenga kinuni. Kwa mdila au sufuria unga uwe laini kama unga wa dona. Kwa kuchuja na kitambaa uwe kama mchanga. Ukitumia blenda, bonyeza na kuachia kwa sekunde chache chache ili isipate joto.

Kupika kahawa ya msingi

Kwa finjani kama 15 chukua maji lita 1 na gramu 65 za kahawa, sawa na vijiko vya mezani 12 vilivyosawazishwa. Maji ya visima vyenye chumvi yanaua kahawa kabisa, kwa hiyo kama ya kwenu yana ladha, tumia ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au ya dukani.

Chemsha maji, epua, tia kahawa, koroga. Rudisha kwenye moto mdogo mpaka povu lipande, inua kabla halijamwagika, acha lishuke, rudisha. Mara tatu. Usiiache ichemke kwa nguvu, maana uchungu mbaya unatoka hapo. Weka pembeni dakika 5 mashapo yatulie, kisha mimina taratibu bila kutikisa. Ionje hivi hivi kabla ya kuigusa kwa kiungo chochote. Isipokuwa nzuri, rudi nyuma ukaangalie mkaango.

Viungo: vipike kando, vichanganye kwenye finjani

Njia hii imeniokolea kahawa nyingi. Badala ya kutupia viungo kwenye sufuria na kubahatisha, tengeneza maji ya kila kiungo peke yake, makali, kisha uyatie kwa kijiko kwenye finjani mpaka ulimi ukubali.

Tangawizi: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ponda, chemsha kwenye kikombe kimoja cha maji kwa dakika 10. Tangawizi inastahimili moto na inautaka.

Mdalasini: kijiti cha urefu wa kidole, dakika 15 kwa moto mdogo.

Iliki ni kinyume chake. Harufu yake inaruka upesi, kwa hiyo ponda punje 6 pamoja na maganda, mimina maji moto, funika dakika 10, usichemshe.

Karafuu 2 kwa kikombe zinatosha. Ya tatu inafunika kila kitu na ulimi unakufa ganzi kidogo, maana mafuta yake ndiyo yale yale yanayotumika kutuliza jino.

Pilipili manga, punje 8 zilizopondwa, dakika 5. Ganda la chungwa lililokaushwa kivulini, bila ule weupe wa ndani, dakika 5.

Sasa mimina kahawa kwenye finjani nne au tano. Ya kwanza tia kijiko kimoja cha chai cha tangawizi, ya pili iliki, ya tatu nusu ya hiki na nusu ya kile. Andika. Ukiipata unayoitaka, hesabu: vijiko 2 kwa finjani moja ni vijiko 30 kwa lita nzima, yaani mililita 150 hivi. Kiasi hicho kipunguze kwenye maji ya mwanzo ili kahawa isiwe nyepesi. Kinachobaki kinakaa kwenye friji siku 2 au 3.

Ninayoipenda zaidi bado ni ya babu: tangawizi vijiko 2, pilipili manga nusu kijiko, bila sukari, kashata pembeni. Ukishaizoea, fanya kama yeye, chemsha tangawizi kwenye maji yenyewe, anza na lita 1 na robo kwa sababu nyingine itakwenda na mvuke, ndipo utie kahawa. Kwa wageni wanaokunywa na sukari, iliki kijiko 1 na mdalasini kijiko 1 vinapatana vizuri sana. Ganda la chungwa liende na Mbinga iliyokaangwa kidogo, ile yenye uchachu, na robusta uiache nje kabisa. Karafuu na iliki pamoja nimejaribu mara nyingi, na kila mara nimepata chai ya maziwa isiyo na maziwa. Sikushauri.

Ya tui na ya korosho

Kuna watu hawawezi kahawa bila maziwa, na hapa kusini tuna vitu viwili vinavyofanya kazi nzuri kuliko maziwa ya unga.

Tui: ikune nazi moja, kamua kwa glasi moja ya maji ya vuguvugu, chukua tui zito la kwanza peke yake, tia chembe ya chumvi. Tatizo la tui ni kukatika. Linakatika kwa sababu ya uchachu na joto kali, kwa hiyo tumia kahawa iliyokaangwa sana, iache itulie dakika 2, kisha mimina kahawa kidogo kidogo juu ya tui huku ukikoroga. Ukifanya kinyume, tui juu ya kahawa inayofuka, utaona chembechembe nyeupe zinaelea. Ikishachanganyika usiirudishe jikoni. Mdalasini unaipenda kahawa hii.

Korosho: nunua vipande vya korosho mbichi zilizobanguliwa, vina bei nafuu kuliko nzima na ladha ni ile ile. Usijaribu kubangua mwenyewe kwa ajili ya kikombe cha kahawa, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Loweka gramu 100 kwa saa 4, mwaga maji, suuza, saga kwenye blenda na mililita 400 za maji safi kwa dakika 2, chuja kwa kitambaa. Haya maziwa hayakatiki kirahisi na yanaipa kahawa ulaini ambao tui haliufikii. Ukikaanga robo ya korosho hizo kidogo kabla ya kuziloweka, ile harufu ya karanga niliyoikumbuka ya barazani inajitokeza mara mbili. Weka kwenye friji, tumia ndani ya siku 2.

Kiasi

Finjani ni ndogo na ndiyo maana mtu anapoteza hesabu. Kila moja ina gramu 4 hivi za kahawa, yaani kati ya miligramu 50 na 90 za kafeini kutegemea umeweka robusta kiasi gani. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 iliweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicho na wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mama mjamzito. Piga mahesabu yako mwenyewe. Mimi ya mwisho nainywa baada ya alasiri, kwa sababu nikichelewa silali.

Vyombo

Mdila, chujio na chupa ya kuhifadhia moto vioshe kwa maji moto na brashi mara tu baada ya kunywa. Mafuta ya kahawa yakikauka ndani yanachacha, na kahawa ya kesho itatoka na ladha hiyo. Chupa iliyozoea chai ya tangawizi usiitumie kwa kahawa, mpira wa kifuniko umeshashika harufu na hautoki. Tenga moja ya kahawa peke yake. Ikianza kunuka, tia vijiko 2 vya magadi ya kupikia, ijaze maji ya moto, iache usiku kucha bila kufunika, asubuhi suuza mara tatu.